Mkono wa Mwanga: Miaka Mia Mbili ya Kutafuta Kulia na Kushoto Ndani ya Molekuli

Maji ya muwa yana tabia isiyoonekana kwa macho matupu: huuzungusha mwanga kuelekea kulia. Ndiyo maana maabara ya kiwanda cha sukari, iwe Kilombero, Kagera au magharibi mwa Kenya, haikosi polarimita. Mpimaji huisafisha sampuli ya maji ya muwa, huimimina kwenye bomba lenye kioo kila upande, hupitisha mwanga, kisha husoma pembe. Gramu 26 za sukari safi zikiyeyushwa katika maji hadi kujaza mililita 100, ndani ya bomba la sentimita 20, huuzungusha mwanga wa njano wa sodiamu kwa nyuzi 34.6 hivi. Pembe ikipungua, sukari imepungua.

Utamu hauhusiki hata kidogo na jambo hili. Kazi yote hufanywa na umbo. Kandambili ya kulia na ya kushoto zimekatwa kwa mpira uleule, zina uzito uleule na kamba zilezile, lakini huwezi kuigeuza moja ikawa nyingine hata uizungusheje. Molekuli nyingi za uhai ziko hivyo. Sukari zina mkono, asidi za amino zinazojenga protini zina mkono, na dawa nyingi zina mkono. Wanasayansi huiita sifa hii kairaliti. Atomu ni zilezile, idadi ni ileile, viungo kati yake ni vilevile. Tofauti ni upande zilikogeukia.

Basi, kulia kutajulikanaje na kushoto? Mizani haisaidii, kwa kuwa uzito ni mmoja. Kipimajoto hakisaidii, kwa kuwa mikono yote miwili huyeyuka kwenye joto lilelile. Kitu kisicho na mkono hakiwezi kuitofautisha mikono. Ni lazima anayeuliza naye awe na mkono. Ukweli huo ulijulikana mapema. Lakini una mwenzake aliyechelewa sana kueleweka: anayeuliza anapaswa pia kuwa na kimo kinachokaribiana na kile anachokiuliza. Teknolojia ya nano inayotumika leo kukuza na kupima athari hizi za mwanga imezaliwa na ukweli huo wa pili, na safari ya kuufikia ilianza Paris, dirishani.

Mwanga wenye ubavu

Mwishoni mwa mwaka 1808, Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi aliyekuwa amerudi kutoka kwenye vita vya Napoleon nchini Misri, alikuwa nyumbani kwake akitazama jua la jioni likimeta kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg. Alilitazama kupitia fuwele ya kalisaiti kutoka Iceland. Tangu mwaka 1669, Mdenmaki Erasmus Bartholin alikuwa ameonyesha kwamba fuwele hiyo hukipa kila kitu taswira mbili. Malus alipoizungusha mkononi, taswira moja ilififia na nyingine ikang'aa, kisha zikabadilishana. Mwanga uliorudishwa na kioo ulikuwa na ubavu. Kwa lugha ya leo, mtikisiko wake ulikuwa umelala katika bapa moja: ulikuwa mwanga uliopolarishwa.

Mwaka 1811, François Arago aliupitisha mwanga wa aina hiyo katika kipande cha kwatsi, akaona rangi zikibadilika kwa namna ambayo kalisaiti haikuwa nayo. Jean-Baptiste Biot alilifuata jambo hilo kwa subira ya miaka mingi. Alionyesha kwamba kwatsi hulizungusha bapa la mwanga, na kwamba vipande vingine vya kwatsi hulizungusha kulia na vingine kushoto. Kwatsi yenye unene wa milimita moja tu huuzungusha mwanga wa njano karibu nyuzi 22.

Mwaka 1815 Biot akaona jambo lililompeleka mbali zaidi. Tapentaini nayo iliuzungusha mwanga, na vivyo hivyo mafuta ya miti, kafuri iliyoyeyushwa na maji ya sukari. Fuwele ina mpangilio, kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba mpangilio wa fuwele ndio unaozungusha. Kimiminika hakina mpangilio. Molekuli zake zinagaagaa ovyo. Ikiwa kimiminika kinauzungusha mwanga, basi nguvu hiyo imo ndani ya kila molekuli. Biot alijaribu hata mvuke wa tapentaini, na mvuke nao ukazungusha. Hapo wanadamu walipata kwa mara ya kwanza habari za umbo la molekuli, miongo kadhaa kabla ya yeyote kuweza kuuchora muundo wake.

Augustin Fresnel alieleza sababu katika miaka ya 1820. Mwanga unaotikisika katika bapa moja unaweza kuhesabiwa kuwa jumla ya miale miwili: mmoja unazunguka kulia unaposonga mbele, mwingine unazunguka kushoto. Ndani ya kwatsi au ya sukari, mmoja wao huchelewa kidogo. Inapoungana tena, bapa lake limegeuka. Hivyo mwanga unaozunguka una mkono wake wenyewe, na kwa mkono huo huuona mkono wa molekuli. Lakini ucheleweshaji huo ni mdogo mno: katika kwatsi, tofauti ni kama sehemu 7 katika 100,000. Ilionekana tu kwa sababu mwanga husafiri mawimbi maelfu kwa maelfu ndani ya fuwele, na tofauti ndogo ikajilimbikiza. Hili ni la kushikwa vizuri, kwa sababu ndilo litakalowasumbua wapimaji kwa karne mbili.

Kibano cha Pasteur

Louis Pasteur alikuwa na miaka 25 mwaka 1848. Swali alilolikuta mezani lilikuwa hili: asidi tatariki inayotokana na mashapo ya mvinyo huuzungusha mwanga kulia, ilhali asidi nyingine yenye atomu zilezile, iliyokuwa imepatikana katika kiwanda cha Thann huko Alsace, haiuzungushi kabisa. Pasteur aliandaa chumvi ya asidi hiyo ya pili, akaiacha ijenge fuwele mahali penye ubaridi, akazitazama kwa darubini. Fuwele zilikuwa za aina mbili, kila moja kioo cha mwenzake. Akazichambua moja baada ya nyingine, za kulia huku na za kushoto kule. Akaziyeyusha kando kando. Fungu moja likauzungusha mwanga kulia, la pili likauzungusha kushoto kwa kiasi kilekile. Asidi ile haikuwa bubu. Ilikuwa na sauti mbili zilizofutana.

Biot, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 74, hakukubali kwa kusikia. Alimwita Pasteur kwake, akampa kemikali alizozikagua mwenyewe, akamtaka arudie kazi yote mbele yake. Fuwele zilipokwisha kujengeka na kuchambuliwa, Biot aliuandaa mmumunyo na kuupima kwa mkono wake. Aliamini alipouona mzunguko wa kushoto. Naitaja adabu hii ya kisayansi kwa makusudi, maana tutaihitaji tena tutakapofika kwenye dhahabu ya karne yetu.

Miaka michache baadaye Pasteur aligundua njia nyingine ya kuchambua: alitumia viambato kutoka gamba la sinkona, mti wa kwinini, ambavyo navyo vina mkono. Kisha akaona kwamba kuvu fulani hula asidi tatariki ya mkono mmoja na kuuacha wa pili. Uhai wenyewe ulikuwa unachagua. Mwaka 1874, Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walieleza chanzo: kaboni hunyoosha viungo vyake vinne kuelekea pembe nne za piramidi, na vikishika vitu vinne tofauti, kuna namna mbili za kuvipanga ambazo haziwezi kulinganishwa. Jina la kairaliti lilitolewa na Lord Kelvin katika mhadhara wa Oxford mwaka 1893, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha mkono.

Mkono unapokuwa suala la maisha

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya udadisi wa maabara. Hospitali zinasema vinginevyo. Mwili wa binadamu umejengwa kwa asidi za amino za mkono wa kushoto na sukari za mkono wa kulia, kwa hiyo kila dawa inayoingia mwilini hukutana na kufuli zenye mkono. Thalidomidi iliuzwa kuanzia mwaka 1957 ikiwa mchanganyiko wa mikono yote miwili. Kufikia mwisho wa mwaka 1961, ilipoondolewa sokoni Ujerumani, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyofupika au visivyokamilika. Baadaye ilibainika kwamba mikono hiyo hubadilishana ndani ya mwili, kiasi kwamba hata kuuza mmoja pekee kusingetosha kuwaokoa. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaowataka watengenezaji wa dawa mpya waujue na kuupima kila mkono.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni praziquantel, dawa ya kichocho inayogawiwa kwa watoto wa shule kandokando ya Ziwa Victoria na kwingineko. Kidonge chake cha kawaida ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mkono mmoja ndio unaoua minyoo. Wa pili karibu hauna kazi, ila huongeza uchungu wa dawa na ukubwa wa kidonge. Mtoto mdogo hukitema, au hukabwa nacho. Kutokana na tatizo hilo ilitengenezwa arpraziquantel, dawa ya mkono mmoja inayoyeyuka majini, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Majaribio yake ya mwisho yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na mwishoni mwa mwaka 2023 ilipata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya. Ethambutol ya kifua kikuu nayo hutolewa kwa mkono mmoja tu, kwa kuwa huo una nguvu mamia ya mara dhidi ya vijidudu kuliko mwenzake. Na artemisinini, dawa ya malaria inayotokana na mmea wa artemisia unaolimwa pia Kenya, Tanzania na Uganda, hukaguliwa ubora wake kwa vipimo kadhaa, kimojawapo kikiwa kuuangalia mwanga unavyozunguka.

Kwa hiyo kupima mkono si anasa. Shida ni kwamba kipimo cha Biot kinahitaji dawa nyingi, bomba refu na subira.

Kikwazo cha kimo

Mwaka 1895 Aimé Cotton aliongeza njia ya pili. Aliona kwamba baadhi ya mimumunyo yenye rangi, hasa ya shaba na kromiamu pamoja na asidi tatariki, huumeza mwanga unaozunguka upande mmoja kuliko wa upande wa pili. Njia hiyo ilikuja kuwa chombo kikuu cha kuchunguza protini, kwa sababu protini iliyojikunja kama springi hutoa saini tofauti na iliyonyooka kama utepe. Hata leo, mtaalamu akitaka kujua kama protini ya chanjo au ya dawa imejikunja sawasawa, mara nyingi huanza na kipimo hiki.

Lakini saini hiyo ni hafifu. Tofauti kati ya kinachomezwa kulia na kinachomezwa kushoto kwa kawaida ni sehemu moja katika elfu, na mara nyingi ni chini ya hapo sana. Sababu ni ya kijiometri. Wimbi moja la mwanga wa kijani lina urefu wa karibu nanometa 500, ilhali molekuli ya kawaida ina upana wa nanometa moja. Mwanga unaozunguka hukamilisha duara moja katika urefu wa wimbi moja. Kwa hiyo unapoipita molekuli, umezunguka chini ya nyuzi moja. Mbele ya molekuli, mwanga ni kama haujageuka kabisa. Mkono upo, ila umekunjuka mno kuliko kitu unachotaka kukishika.

Kuna njia mbili tu za kutoka hapo: kuikuza molekuli ifikie kimo cha wimbi, au kulipinda wimbi lifikie kimo cha molekuli. Historia ya karne ya 20 ilianza na ya kwanza.

Magunia, pamba na mbawakavu

Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia wa Kolkata, mwaka 1898 aliwasilisha kwa Royal Society ya London jaribio la kupendeza kwa urahisi wake. Badala ya mwanga alitumia mawimbi mafupi ya umeme, yenye urefu unaopimika kwa rula. Badala ya molekuli alitumia vichala vya juti, nyuzi zinazofumiwa magunia Bengali, akazisokota. Zilizosokotwa upande mmoja ziliuzungusha mtikisiko wa wimbi upande huo. Zilizosokotwa kinyume ziliuzungusha kinyume. Bose alithibitisha kwamba siri ya sukari haiko kwenye kemia. Iko kwenye msokoto, na mtu anaweza kuutengeneza.

Karl Lindman wa Finland aliendeleza wazo hilo katika utafiti alioutoa kati ya mwaka 1914 na 1920. Alikunja nyaya za shaba kuwa springi ndogo, kila moja akaifunga ndani ya pamba, akazimimina ovyo ndani ya boksi. Springi zililala kila upande bila mpangilio, sawa na molekuli katika kimiminika cha Biot, na bado boksi liliyazungusha mawimbi ya redio. Alipozitumia za kulia na za kushoto kwa idadi sawa, mzunguko ulipotea, sawa na asidi ya Thann. Zaidi ya hayo, Lindman aliona mzunguko ukiongezeka sana pale urefu wa wimbi ulipolingana na urefu wa waya. Kimo kikilingana, athari huwa kubwa.

Wakati huohuo maumbile yalikuwa yameshafika huko. Mwaka 1911 Albert Michelson alionyesha kwamba mng'ao wa dhahabu wa mbawakavu mmoja ni mwanga unaozunguka upande mmoja, uliorudishwa na ngozi yenye tabaka zilizopinda hatua kwa hatua. Karne moja baadaye, mwaka 2012, Silvia Vignolini na wenzake walieleza tunda la *Pollia condensata*, mmea wa misitu ya Afrika, ambalo bluu yake haitokani na rangi yoyote. Nyuzi za selulosi katika ganda lake zimejipanga kwa msokoto wenye kimo cha urefu wa wimbi la bluu, baadhi ya seli zikisokotwa kulia na nyingine kushoto. Sampuli waliyoichunguza ilichumwa Ghana miongo kadhaa kabla, na rangi yake ilikuwa bado haijafifia.

Dhahabu inapoingia

Kuhamisha springi za Lindman kutoka mawimbi ya redio hadi mwanga kulihitaji kuzipunguza mara elfu nyingi, na kulihitaji kuijua metali katika vipimo hivyo. Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza mimumunyo ya dhahabu yenye rangi nyekundu kama rubi, akafahamu kwamba wekundu huo unatokana na chembe ndogo mno za dhahabu. Leo tunajua kwamba elektroni ndani ya chembe hizo huyumba kwa pamoja zikichochewa na mwanga. Myumbo huo, unaoitwa plazimoni, huukusanya mwanga na kuubana katika nafasi ya nanometa chache juu ya uso wa metali. Hapo ndipo njia ya pili ilipofunguka: dhahabu inaweza kulipinda wimbi hadi kimo cha molekuli.

Kuanzia mwaka 1998, kundi la Robert Whetten huko Georgia Tech, Marekani, lilipima chembechembe za dhahabu zenye atomu chache tu, zilizovikwa glutathioni, na kukuta zikijibu kwa nguvu kubwa isiyotarajiwa kwa mwanga unaozunguka. Molekuli ndogo ya uhai ilikuwa imeigawia metali mkono wake. Mwaka 2003 watafiti wa Southampton walichonga kwenye metali maumbo bapa yaliyopinda, na mwaka 2005 kundi la Makoto Kuwata-Gonokami wa Tokyo likaonyesha kwamba tabaka jembamba la dhahabu lenye maumbo ya namna hiyo huuzungusha mwanga kwa kiasi kikubwa mno kulingana na unene wake. Mwaka 2009, huko Karlsruhe, kundi la Martin Wegener lilijenga msitu mzima wa springi za dhahabu, zenye hatua ya maikrometa 2, kwa kuchonga plastiki kwa leza na kujaza mashimo kwa dhahabu. Mwanga wa infraredi unaozunguka upande wa springi ulizuiwa. Wa upande wa pili ulipita. Jaribio la Lindman lilikuwa limeletwa kwenye mlango wa mwanga unaoonekana.

Mwaka 2010

Hadi hapo, miundo ya nano ilikuwa imejifunza kuuchezea mwanga. Swali la Biot na Pasteur lilikuwa lingine: je, inaweza kutuambia mkono wa molekuli iliyo mbele yake?

Mwaka 2010, Yiqiao Tang na Adam Cohen wa Harvard walirudi kwenye kipimo cha kihisabati alichokipata Daniel Lipkin mwaka 1964, ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyejua kina kazi gani. Walionyesha kwamba kipimo hicho hueleza mwanga umepinda kiasi gani mahali fulani, na kwamba mwanga unaweza kufanywa upinde zaidi ya mwanga wa kawaida unaozunguka. Waliuita mwanga wa kairaliti ya juu. Mwaka uliofuata walithibitisha kwa jaribio: kwa kugonganisha mwanga na kioo kisichorudisha kila kitu, karibu na mahali ambapo uga wa umeme unakaribia kuzimika, uwezo wa kuchagua kati ya mikono uliongezeka mara 11.

Mwaka huohuo wa 2010, Euan Hendry wa Exeter, Malcolm Kadodwala wa Glasgow na wenzao waliweka protini juu ya maumbo ya dhahabu yenye mikono minne iliyopinda. Rangi ambazo dhahabu hiyo humeza zilisogea, na zilisogea tofauti kulingana na umbo kuwa la kulia au la kushoto. Waliripoti athari kubwa hadi mara milioni moja kuliko polarimita ya kawaida, kwa kiasi cha protini kinachopimwa kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu. Protini zenye tepe ndefu zilionekana wazi kuliko nyingine. Dhahabu yenye mkono, iliyochongwa kwa kimo cha kati, ilikuwa imesimama katikati ya mwanga na protini na kuwakalimania.

Baada ya hapo kazi ilienda kasi. Mwaka 2012 kundi la Tim Liedl wa Munich lilitumia origami ya DNA, mbinu aliyoianzisha Paul Rothemund mwaka 2006, kupanga chembe 9 za dhahabu katika ngazi inayozunguka. Ngazi za kulia na za kushoto zilitoa saini zilizo kioo cha kila mmoja, kama hesabu zilivyotabiri. Mwaka 2018 kundi la Ki Tae Nam wa Seoul liliotesha chembe za dhahabu katika maji yenye asidi za amino au peptidi. Chembe zilikua zikiwa na nyufa zilizopinda upande uleule ulioamriwa na molekuli, na nguvu ya mkono wake ilifika 0.2 kwenye kipimo ambacho molekuli za kawaida hubaki kwenye sehemu ya elfu. Mwaka huohuo watafiti waliokuwa na Luis Liz-Marzán huko San Sebastián, Hispania, walitumia vijiti vya dhahabu kutambua nyuzi za protini zinazohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Vijiti hivyo hujipanga kwa msokoto vikikuta nyuzi hizo, na mwanga husema. Visipozikuta, mwanga hunyamaza.

Adabu ya Biot

Hapa ndipo ninapomkumbuka yule mzee aliyemtaka kijana arudie jaribio mbele yake. Muundo wa dhahabu wenye mkono una saini yake wenyewe, nayo ni kubwa kuliko ya molekuli. Ukiweka protini juu yake na saini ikasogea, je, umeuona mkono wa protini au umeona tu kwamba kitu fulani kimeligusa umbo? Muundo ulioegemea upande kidogo, au uliopangwa kwa mistari, unaweza kutoa ishara inayofanana na kairaliti bila kuwa nayo. Na ile mbinu ya Harvard ina gharama: mahali ambapo mwanga umepinda zaidi ndipo ulipo hafifu zaidi, kwa hiyo uwezo wa kuchagua huongezeka huku mwanga wenyewe ukipungua.

Maswali haya yaliulizwa na watafiti wenyewe, hadharani, katika majarida, na yalizaa vifaa bora. Njia moja ni kutumia vidiski vya silikoni visivyo na mkono wowote. Kidiski cha namna hii huubana mwanga unaozunguka na kuuongezea nguvu bila kuuharibu mzunguko wake, na kwa kuwa hakina saini yake, chochote kinachoonekana kinatoka kwa molekuli. Silikoni pia haimezi mwanga mwingi, hivyo haiipashi sampuli joto. Njia nyingine ni ile ya Lindman: kupima kwa miundo ya kulia na ya kushoto bega kwa bega, kisha kupima molekuli za mikono yote miwili. Matokeo ya kweli hugeuka alama unapogeuza mkono. Yasiyogeuka hayana budi kutupwa.

Kwangu mimi huu ndio urithi mkubwa wa historia hii. Ukuzaji peke yake si ushahidi. Kinachokuza ishara hukuza na makosa. Vifaa vingi vya nano vya aina hii bado viko katika maabara za utafiti, na vitafika kwenye zahanati au kwenye maabara za mamlaka za dawa pale tu vitakapotoa jibu moja kwa mpimaji wa Stuttgart na mpimaji wa Mwanza. Viwango vya pamoja, sampuli za kulinganishia na uchapishaji wa matokeo yaliyoshindikana vinahitajika kuliko rekodi mpya za ukuzaji.

Wala si kweli kwamba njia hii imefungwa kwa wasio na mabilioni. Springi za Karlsruhe zinahitaji leza na vyumba visivyo na vumbi, lakini chembe za Seoul huota ndani ya maji, kwa chumvi ya dhahabu, vitamini C, sabuni ya maabara na molekuli ndogo ya kuonyesha upande. Idara ya kemia ya chuo kikuu chetu chochote inaweza kuziotesha. Mashine kubwa ya kupima umezaji wa mwanga unaozunguka ni ghali, ila nchi jirani zinaweza kuchangia moja, na polarimita rahisi inaweza kujengwa na wanafunzi kwa leza ndogo na vichujio viwili. Sisi ndio wenye kichocho, malaria na kifua kikuu, magonjwa ambayo dawa zake zina mkono, na ndio tunaolima artemisia na miwa. Swali la kulia na kushoto ni letu tayari. Kilichobaki ni vyuo na serikali zetu kuliingiza katika bajeti, na kuwapa vijana wetu nafasi ya kulipima wenyewe, mara mbili, kwa mikono yote miwili.